Ile 'Kama' ya Justa

Justa alikuwa anapepeta mchele uani kwake Michenga, lakini mawazo yake yalikuwa mbali. Binti yake, Jenifer, alikuwa amepata mchumba. Wageni wa posa walikuwa karibu kuja, na Jenifer alikuwa ameshasema, "Mama, bila mjomba hakuna posa."

Mjomba huyo ni Agapiti, kaka yake Justa, anayekaa Lipangalala. Hawakuwa wakisemezana tangu msiba wa mama yao. Siku ile Agapiti alifika mazishi yameshapita. Justa, kwa uchungu, akamwambia mbele ya waombolezaji, "Umefuata ubwabwa wa msiba wewe!" Agapiti akageuka, akaondoka. Kumbe alikuwa akitoka safarini, maji ya mafuriko yakakata barabara, naye akakwama njiani, Mkula. Justa alikuja kujua baadaye, akanyamaza.

Jirani yake Luciana, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, aliingia uani.

"Dada Justa, umeongea na kaka yako?"

"Nimemtumia ujumbe. 'Kaka, samahani kama nilikukosea.' Hajajibu. Ana kiburi huyo!"

"Kwani hujui kwamba ulimkosea?"

"Najua."

"Sasa hiyo 'kama' ya nini? Kosa unalijua, halafu unamwachia yeye alitafute. Litaje. Ulimwaibisha mbele za watu, kamwombe radhi mbele za watu. Na habari za posa ziache kwanza, asione umefuata shida yako."

Maneno hayo yalimchoma. Kujishusha ni kazi nzito jamani, hasa kwa mwenye mdomo kama wa Justa. Hata hivyo, Jumapili alipanda bodaboda hadi Lipangalala.

Agapiti alikuwa barazani na mkewe na majirani. Justa alipiga magoti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," alijibu bila kumtazama.

"Kaka, nilikutukana kwenye msiba wa mama. Nilisema umefuata ubwabwa. Nilikosea. Nilipojua kwamba barabara ilikatika, niliona aibu, nikanyamaza. Nisamehe."

Agapiti alimgeukia.

"Sikumzika mama yangu, Justa," alisema. "Nilikuwa naumia. Nawe ukaongezea. Hata kaburi sijaliona."

Justa hakujitetea. Alilia tu.

"Inuka, mdogo wangu. Nipeleke."

Siku ya posa, Agapiti ndiye aliyewakaribisha wageni. Lakini kabla ya hayo yote, Jumapili ile ile, yeye na Justa walipalilia kaburi la mama yao, wakiwa wawili tu.