Duara Safi Kwenye Kisahani

Mfuko wa msichana mmoja ulipasukia katikati ya soko, majani ya mpera yakamwagika miguuni mwa fundi cherehani.

"Dada, una mbuzi wangapi?" aliuliza fundi, akiuweka mfuko chini ya sindano.

"Sina hata mmoja. Nayachemsha, maji yake nachanganya na chumvi ya madini ya fedha. Yanageuza fedha iwe chembe zisizoonekana, zinazoua bakteria."

"Kumbe mganga!"

"Mtafiti," alijibu msichana, akijifanya kununa ndani ya gauni lake la buluu. Namba ya simu alimpa hata hivyo.

Baada ya miezi miwili siku haikupita bila kupigiana simu. Fundi alikuwa na kidonda cha msumari mguuni, mguu wa kukanyagia cherehani. Dawa zote zilishindwa, na hospitali ilishapanga kuukata kabla sumu haijapanda. Mtafiti alichukua usaha kidogo, akaotesha bakteria wale maabara kwenye visahani viwili, akadondoshea kimoja dawa yake. Kesho yake palipodondoka tone palikuwa na duara safi, bila bakteria hata mmoja. Furaha ikampanda kichwani. Kabla hajafungua kisahani cha pili, kile cha kulinganishia, alipiga simu.

"Mpenzi, wamekufa! Wadudu wako wamekufa wote!"

"Nakuamini, daktari wangu wa majani."

Alimwamini kweli. Siku hiyohiyo, bila kumwambia, alikwenda kufuta upasuaji.

Kisahani cha pili kilikuwa na chumvi ya fedha tupu, isiyoguswa na majani. Nacho kilikuwa na duara, upana uleule. Chembe hazikufanya lolote. Mtafiti alisahau kuziosha, na chumvi iliyobaki, ile inayounguza nyama ya mtu, ndiyo iliyoua. Aliona aibu. Siku tisa simu iliita akiitazama tu, akitaka kwanza apate dawa ya kweli. Fundi naye akadhani msomi amemchoka, yeye na kidonda chake kinachonuka. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Siku ya kumi alipiga simu dada yake fundi. "Wifi, njoo wodini."

Mlangoni daktari alimwambia wazi: sumu imeingia kwenye damu, kukata sasa hakusaidii. Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa amelala pale, midomo imekauka, shati alilojishonea limempwaya. Mtafiti alilia, akamweleza yote.

"Kwa hiyo hukunichoka?"

"Nikuchoke wewe?"

"Na mimi nilikwishakutukana moyoni, mchana na usiku," alisema fundi, akacheka kidogo. "Basi nikuoe. Nitajie siku."

Mtafiti alijua siku hiyo haitafika, na aliona machoni mwa fundi kwamba naye anajua.

"Jumamosi ya mwisho, mwezi ujao."

"Gauni nashona mwenyewe. Sogea nikupime."

Akasogea. Fundi alinyoosha mkono begani kwake, akahesabu shubiri ya kwanza kwa sauti. Ya pili hakuimaliza.