Wewe ni Binti wa Nani?

Mimi naitwa Domna. Nina miaka hamsini na sita, na hadithi hii hainiletei sifa yoyote. Naisimulia kwa sababu najua siko peke yangu.

Tunaishi Kozani, kwenye jengo la ghorofa. Sisi tuko ghorofa ya nne. Mume wangu, Fotis, ni fundi wa vigae. Mimi nilisafisha ngazi za majengo ya watu kwa miaka kumi na tisa. Asubuhi ndoo, jioni ndoo. Watu walinipita bila salamu, wakaacha nyayo zao pale pale nilipotoka kupiga deki. Nikaapa kwamba binti yangu Sevasti hatavaa nguo za kazi maisha yake yote.

Alipomaliza sekondari tulijaza fomu ya kuchagua vyuo. Nasema tulijaza, lakini nilijaza mimi. Nafasi thelathini na saba. Sevasti alikaa upande wa pili wa meza akifungua pasi iliyoharibika.

"Hii ya takwimu niiandike?" nikamwuliza.

"Andika unachotaka, mama," akasema. Hakuinua hata macho.

Nikaiandika ya ishirini na tisa. Akachaguliwa hiyo hiyo, chuo kikuu, mjini Thesaloniki. Nililia kwa furaha. Nikampiga picha mbele ya lango la chuo, nikaitia kwenye fremu, nikaitundika sebuleni. Hakuna mtu nyumbani aliyejua takwimu ni kazi gani, na mimi sikujali. Pasi ile aliitengeneza, nami nanyoshea nguo mpaka leo.

Alisoma mihula mitatu. Kisha akarudi siku moja, amekonda, na begi lake lote.

"Mama, nimeacha chuo."

"Umeacha kidogo au umeacha kabisa?"

"Kabisa. Nimejiandikisha chuo cha ufundi. Nataka kuwa fundi wa lifti. Fundi Lazaros amekubali kunichukua."

Nilimjibu maneno ambayo yananichoma hadi leo. "Kwa hiyo mimi nilisugua ngazi ili wewe ukapakae grisi?"

Sevasti alipanga chumba karibu na karakana ya Lazaros, hapa hapa Kozani, akahama.

Kiangazi hicho sisi nasi tulihamia jengo hili. Siku ya kwanza nilikutana na Bi Kalliroi wa ghorofa ya kwanza. Aliwahi kuwa mwalimu mkuu, na bado anatembea kama watoto wamepanga mstari nyuma yake. Akaniuliza, "Na binti yenu yuko wapi?"

"Yuko Thesaloniki," nikasema. "Anasoma chuo kikuu."

Basi, ndivyo uongo unavyoanza. Unautoa mara moja tu, halafu unaishi nao nyumba moja. Mtu aliye Thesaloniki hawezi kuonekana akipanda ngazi zetu Kozani. Kwa hiyo nilimkataza Sevasti kuja nyumbani. Tulikutana kila Alhamisi kwenye mkahawa wa kituo cha mabasi. Nilichagua meza ya ndani kabisa, nyuma ya nguzo. Fotis alimpelekea chakula chumbani kwake, na kila aliporudi aliniwekea vyombo vitupu mezani, mbele yangu. Lazaros ndiye aliyehudumia lifti ya jengo letu. Sevasti alimwomba asimlete huku kamwe. Alifanya hivyo kwa ajili yangu. Mwaka mmoja na nusu tuliishi hivyo.

Tarehe sita Januari ni Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, na ndiyo siku ya jina la Fotis; kwetu kila jina lina sikukuu yake kanisani. Siku ya jina haina mwaliko. Unapika, unaacha mlango wazi, watu wanakuja. Alhamisi iliyotangulia, pale nyuma ya nguzo, Sevasti aliniuliza.

"Nije kwenye siku ya baba?"

"Watu watakuwepo, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

"Njoo kesho yake. Nitakuwekea yaprakia."

Alikunywa kahawa yake mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Basi sitakuja kesho yake, wala Alhamisi nyingine. Nimechoka kujificha na mama yangu kama mtu aliyeiba. Siku ukitaka kuniona, unajua karakana iliko."

Nilijiambia ni hasira tu, zitapoa. Nilijua sivyo.

Siku ikafika. Tulitoka kanisani, nikapasha yaprakia, majani ya kabichi chachu yaliyofungiwa nyama, sufuria nzima. Saa saba mchana nikasikia kengele ya lifti inalia bila kukatika. Nikatoka kwenye ngazi. Bwana Menelaos, mume wa Bi Kalliroi, alikuwa amepanda kwa miguu kwa sababu daktari amemwagiza afanye mazoezi. Mke wake alipanda lifti na sahani ya biskuti. Lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne.

"Menelaos," sauti ikasikika ndani, "hewa inaisha huku."

"Hujawahi kuishiwa hewa tangu nikuoe," akajibu Menelaos, lakini alikuwa ameshabandika sikio mlangoni.

Namba ya fundi ilikuwa imebandikwa ukutani, mbele ya pua yangu. Niliijua kwa kichwa. Nikasema, "Tungoje kidogo. Leo sikukuu, mafundi hawapo. Pengine itajiendesha yenyewe."

Sikilizeni vizuri hapo. Mwanamke mzee amefungiwa kwenye sanduku la chuma, na mimi nasema tungoje, kwa sababu naogopa atakayekuja kumtoa ni mwanangu.

Menelaos hakungoja. Alichukua bisibisi jikoni kwangu akaanza kuuchokonoa mlango. Fotis alimshika mkono, akaniangalia, akatoa simu.

"Fundi Lazaros? Ni Fotis. Kuna mtu ndani ya lifti."

Walifika baada ya dakika kumi na tano. Lazaros alipita mbele na mkoba wa vifaa; siku ya sikukuu hakuwa na msaidizi mwingine wa kumleta. Nyuma yake alikuja Sevasti, kofia hadi kwenye nyusi, ovaroli ya buluu, buti. Sikuwahi kumwona na nguo hizo. Nilisimama katikati ya njia na trei mkononi.

Akanitazama. Kisha akasema, "Samahani, bibi. Naomba unipishe."

Mwanangu aliniita bibi, kama anavyomwita mteja yeyote. Na mimi, badala ya kusema jina lake, nilimpisha. Nasema kweli, nilimpisha, na moyo wangu ukashukuru.

Lazaros akapanda juu ya paa kwenye chumba cha mashine. Sevasti alipiga magoti kwenye mlango.

"Bwana, bisibisi tafadhali iweke chini," akamwambia Menelaos. "Watu hawaumizwi na lifti kukwama. Wanaumia wanapolazimisha mlango na kujipenyeza nje. Lifti ikisogea, au mguu ukiteleza, wanaanguka kwenye shimo." Akaegemeza kichwa mlangoni. "Bibi uliye ndani, unanisikia?"

"Nasikia. Hewa inaisha."

"Haiishi. Lifti siyo chupa, ina matundu ya hewa juu na chini. Kaa sakafuni, usiguse mlango. Umebeba nini?"

"Biskuti."

"Basi kula moja. Fundi wangu anazima umeme, kisha atafungua breki kwa mkono na kukuleta taratibu hadi usawa wa sakafu. Utasikia mtikisiko. Ni sisi."

Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Kule nyuma ya nguzo aliongea kwa kunong'ona.

Kisha Bi Kalliroi, ambaye hata kaburini atauliza, akauliza kutoka ndani ya lifti, "Sauti yako nzuri, mwanangu. Wewe ni binti wa nani?"

Kozani kila mtu huulizwa hivyo. Ndilo swali la kwanza, kabla ya jina. Sevasti aligeuka akanitazama. Aliniachia nafasi, sasa naelewa. Nilitazama trei.

"Wa watu wa hapa hapa mjini, bibi," akasema.

Lifti ikashuka kidogo, ikasimama. Sevasti akateremka ghorofa ya tatu, sisi nyuma yake. Akaingiza ufunguo wake, akafungua mlango, akaangalia sakafu, kisha akampa Bi Kalliroi mkono. Mama wa watu alitoka na sukari ya biskuti kidevuni. Hakuuachia ule mkono.

"Wazazi wako bila shaka wanajivunia wewe," akasema.

"Baba yangu, ndiyo," akajibu Sevasti.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejibu ukweli alioulizwa. Fotis aligeukia ukuta. Niliona mabega yake yanatikisika. Aibu ilinipanda kutoka miguuni hadi masikioni, na safari hii haikuwa aibu ya ovaroli.

"Ni wangu," nikasema.

Menelaos alisikia 'ni yangu', akadhani nadai bisibisi, akaninyoshea.

"Binti. Bi Kalliroi, umeuliza ni wa nani. Ni wangu. Ni Sevasti."

Bi Kalliroi alinitazama, akamtazama yeye. "Uliniambia yuko Thesaloniki."

"Nilikudanganya."

"Mwaka mzima?"

"Na nusu."

Akafuta sukari kidevuni. "Basi leo mezani nitakaa na binti," akasema. "Wewe kaa na Menelaos."

Nilistahili, nikakaa na Menelaos. Lazaros aliposhuka kutoka juu alieleza kwamba kidude kimoja cha mlango wa ghorofa ya tatu kimelegea. Watakibadilisha kesho, na lifti isitumike hadi hapo. Akanawa mikono, akaketi, akala yaprakia sita. Kisha akanigeukia.

"Bi Domna, ulidhani namfundisha kupakaa grisi?"

Nikaanza kukusanya sahani.

"Siku moja kwa wiki yuko darasani, siku nne yuko na mimi. Umeme, michoro, hesabu. Nimeshawarudisha vijana watatu kwao kwa sababu hesabu ziliwashinda. Huyu hazimshindi. Analipwa, ana bima, na akimaliza muda wake atafanya mtihani wa leseni. Siyo kazi ya waliofeli. Mtu aliyefeli sitamwachia maisha ya watu yaning'inie kwenye kamba."

"Na chuo kikuu je?" akauliza Menelaos. "Hakina maana?"

"Nani kasema? Mwanangu mkubwa ni daktari wa mifugo. Alisoma miaka mingi, lakini alikitaka yeye. Tangu mdogo alikuwa analala na mbuzi." Lazaros akaniangalia tena. "Kabla hujashika kalamu kujaza fomu ya mtoto, angalia anafanya nini saa ambazo hakuna anayemlazimisha. Kisha mwulize. Na akikujibu, msikilize. Basi."

Nikaikumbuka pasi. Nafasi thelathini na saba nilizijaza, na jibu lilikuwa mbele yangu mezani, limefunguliwa vipande vipande.

Wageni walipoondoka, Sevasti alinisaidia kuosha vyombo. Nikamwuliza, "Kwa nini ulijifanya hunijui?"

Alikausha sahani pande zote mbili kabla ya kujibu. "Nilidhani ndivyo unavyotaka, mama."

Nilitaka hivyo kweli.

Sasa ni miaka mitatu. Watu walinicheka, nisiwadanganye. Dukani mmoja aliniuliza miezi mizima, "Mwanafunzi wa Thesaloniki hajambo?" Nilikuwa namjibu, "Hajambo, yuko Kozani, anatengeneza lifti." Akachoka yeye kabla yangu. Sevasti alipata leseni yake. Mwaka jana Bi Kalliroi alinigongea mlango, akaniuliza kama Lazaros angempokea mjukuu wake wa kike. Nilimwambia amwulize kwanza mjukuu mwenyewe.

Ile picha ya lango la chuo niliitoa ukutani. Ndani ya lifti yetu kuna kadi ya ukaguzi, na kila mwezi juu yake kuna sahihi ya mwanangu. Huwa naisoma nikishuka na nikipanda.

Jumapili anakuja kula. Mara nyingine anatoka kazini moja kwa moja, na ovaroli, na harufu ya mafuta. Nikisikia lifti inafunguka, natoka kwenye ngazi na kumwita jina lake kwa sauti. "Sevasti, binti yangu, karibu." Namwita hata akiwa amesimama mbele yangu. Fotis huniambia mtoto si kiziwi, na jengo zima limeshamjua.

Najua wamemjua. Namwita hivyo hivyo.