Kisomo cha Barabara ya Tisa

Idarusi alikuwa anachagua nyanya sokoni Mgandini pale sauti yake mwenyewe ilipomjia kutoka redio ya kibanda cha kuchaji simu. Sauti ya miaka mingi nyuma, bado ina meno yote:

*Nirudishie kivuli changu, jua limeshapanda...*

Nyanya zikamponyoka. Akainama upesi, na wala hakuinamia nyanya, alitaka kujificha. Hapo hapo, juu ya kichwa chake, mwanamke akaudaka wimbo ule na kuuendeleza bila haya, katikati ya wachuuzi na matoroli:

*...nitautembeaje mchana peke yangu?*

"Usiimbe!" Idarusi akasema kutoka chini.

Mwanamke akanyamaza, akamtazama. Alivaa baibui lenye nyuzi za dhahabu mikononi na mtandio wa rangi ya zabibu, na kapu lake la ukili limejaa danzi. Alinukia udi saa nne ya asubuhi, kama anayekwenda harusini.

"Soko hili la baba yako?" akauliza.

"Samahani, dada. Nilikuwa..."

"Ngoja." Akamsogelea. "Yarabi toba! Wewe si Idarusi? Wa Radi za Sigi?"

"Nafanana naye."

"Mtu hafanani na mtu mpaka kovu la kidevuni. Hilo ulilipata Mkwakwani, uzi wa gitaa ulipokatika ukakuchapa. Nilikuwa safu ya pili. Nilimwambia kaka yangu nakwenda kwa fundi cherehani."

Idarusi akacheka. Mtu wa miaka hamsini na tatu, na kicheko kikamtoka kama chafya, bila kutaka. Kisha mtangazaji wa redio akasema: "Huo ulikuwa utunzi wake Laurenti." Kicheko kikakauka.

Hapa inafaa watu wakumbushwe, maana wenye kula huomba tusahau. Radi za Sigi walikuwa wanne. Idarusi aliimba na kupiga gitaa la solo. Tahiri alipiga besi, Manase ngoma, Mwinyijuma kinanda. Gitaa zao za umeme zilipiga kelele mpaka mabati ya ukumbi yakaitikia, na vijana wa Usagara wakafuga nywele kwa ajili yao. Lakini vyombo havikuwa vyao. Vilikuwa vya Laurenti, tajiri wa mjini, na desturi ya bendi ilikuwa moja: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Miaka kumi na tatu iliyopita walifika ukumbini wakakuta kufuli. Vyombo vimekwenda, nyimbo zimeandikishwa kwa jina la Laurenti, na wao wanne wamebaki na vidole vyao.

Walipolalamika waliambiwa waende wanakotaka. Basi wakaenda kwa Mungu. Alasiri moja, nyumbani kwa mama yake Idarusi barabara ya tisa, walimwita mwalimu wakasoma albadiri, kisomo cha kumshitaki dhalimu mbinguni. Hata Manase, mtu wa kanisani, alikaa mkekani akaitikia amina. Mwalimu aliwaonya: "Semeni mnalolitaka, lakini mlipime kwanza." Hawakupima. Walimwombea Laurenti balaa, kisha, kwa kuwa maskini akishaibiwa humtazama hata ndugu yake kama mwizi, wakaongeza la kwao wenyewe: yeyote kati yetu atakayezitoa nyimbo hizi peke yake, akazila peke yake, limpate yeye na ampendaye.

Tahiri ndiye aliyeanza. Alikwenda Dar kuziimba peke yake, na mwezi wa tatu koo likafunga, hata leo anaongea kama karatasi ikikunjwa. Manase akaenda kuzipiga hotelini Arusha, bodaboda ikamvunja mguu. Idarusi akalitundika gitaa ukutani, akawa fundi wa spika. Hakuoa tena baada ya mkewe kumwacha. Asiye na ampendaye, alijisemea, balaa litampata nani?

Sasa mwanamke wa danzi alikuwa anamwambia jina lake ni Shemsa, anakodisha viti, maturubai na spika huko Raskazone, na kwamba spika yake moja inakoroma.

"Utakuja kuitazama?"

"Nitakuja," akasema Idarusi.

* * *

Spika ile iliugua wiki tisa.

"Hisham kaniuliza," Shemsa alimwambia kwenye simu. Hisham ndiye kaka yake, mkuu wa nyumba tangu baba yao afariki. "Kasema, huyo fundi anakuja kila Jumatatu na Alhamisi kutibu spika ile ile. Haiponi?"

"Ina ugonjwa sugu."

"Fundi ndiye mwenye ugonjwa. Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Nimekula, Shemsa."

"Yaani umekunywa chai na maneno. Njoo, kuna wali wa nazi na nguru wa kukaanga. Utakula barazani, Hisham akuone vizuri, asije akasema nafuga jini."

Alikuwa mjane wa miaka sita, ulimi mwepesi, mkono mzito kwenye bizari. Alimwita habibi mbele ya vibarua wake na hakuona aibu. Idarusi alimwita laazizi kwa sauti ya chini, akitazama nyuma. Kila alipoondoka nyumba ile ya madirisha marefu alimkagua Shemsa kwa macho, kidole hata kidole: mzima, mzima, mzima. Siku Shemsa alipopiga chafya mara mbili, Idarusi hakufumba jicho, ingawa hakuwa ameimba hata mstari.

Hakumwambia. Angeanzia wapi? Kwamba kuna neno alilolisema akiwa na hasira, na neno hilo limekaa mlangoni linangoja apende?

Alhamisi moja alikuta geti la Raskazone limebandikwa bango jekundu, picha yake ya ujanani, nywele kama kichaka: JUMAPILI, SAA KUMI ALASIRI, BUSTANINI KWA SHEMSA. RADI YA SIGI YARUDI. IDARUSI PEKE YAKE!

*Peke yake.* Maneno yale yale ya mkekani.

"Umeipenda?" Shemsa alitoka mbio, unga wa maandazi mikononi. "Nimebandika mpaka Usagara! Watu wanapiga simu, habibi. Wamechoka kusikia jina la yule mwizi redioni."

"Nani kakutuma?"

Mikono yenye unga ikabaki hewani. "Nilidhani waona haya tu. Nikasema nikusukume."

"Siimbi. Bandua." "Na spika yako imepona. Sina tena la kuja kufanya."

Shemsa akakung'uta unga mikononi. Alipozungumza, mzaha wote ulikuwa umetoka. "Sema kweli, Idarusi. Huyo uliyemtungia wimbo wa kivuli. Bado yumo moyoni, ndiyo maana huwezi kuuimba mbele yangu?"

Kukubali kungekuwa uongo mwepesi na wa salama. Asiyependwa haumwi na laana ya mtu. Idarusi akainamisha kichwa, akauacha uongo ule uingie.

"Basi nenda," akasema Shemsa. "Mimi si turubai, la kukodiwa likakunjwa."

* * *

Mwalimu aliyewasomea albadiri, kabla ya kufa kwake, alisema jambo jingine: waliofunga wanaweza kufungua, kwa kusameheana wote. Miaka yote hiyo Idarusi hakulifuata, kwa sababu hakuwa na cha kupoteza. Ijumaa alipiga simu. Tahiri alimsamehe kwa sauti ya karatasi. Manase alimsamehe akalia. Mwinyijuma hakupokea, kama asivyopokea miaka tisa sasa. Ilisemekana yuko Ushongo, analinda vyumba vya wageni.

Jumamosi Idarusi akaenda Pangani, akavuka mto kwa pantoni, akadandia bodaboda. Njia nzima alimwambia dereva, "Polepole, baba," mpaka dereva akauliza kama amebeba mayai.

Alisikia kinanda kabla ya kuona bahari.

Kwenye hoteli ndogo ya makuti, mbele ya wazungu waliokuwa wakila kamba, Mwinyijuma alikaa na shati la maua, tumbo limejaa, akiimba: *Nirudishie kivuli changu...*

Peke yake.

Idarusi alisimama mpaka wimbo ukaisha na wageni wakapiga makofi. Mwinyijuma akageuka. Tabasamu likamdondoka.

"Tangu lini?" Idarusi akauliza.

"Karibu, yakhe. Kaa. Kunywa dafu."

"Nimeuliza, tangu lini?"

"Miaka tisa. Kila Jumamosi."

"Na hukupatwa na kitu?"

"Kisukari. Lakini kisukari kilimpata na mama yangu, naye hakuwahi kuimba hata wimbo wa kulaza mtoto."

Idarusi akamkwida shati la maua. "Nimekaa miaka kumi na tatu na gitaa ukutani! Ukajua, ukanyamaza!"

"Ningekwambia, ungekuja hapa kuimba. Wewe una sauti, mie nina kinanda tu. Nani angenichukua?" Macho yakamlowa. "Woga wako ulinilisha, ndugu yangu. Ndiyo kweli yenyewe. Unipige."

Hakumpiga. Alikaa kwenye mchanga, akacheka kicheko kibaya. Maana aliiona sura nzima sasa. Walimsomea tajiri, na tajiri ananenepa, anatajwa redioni. Aliyetetemeka ni nani? Tahiri, aliyevuta pakiti mbili za sigara kwa siku na kuita ukimya wa koo lake adhabu. Manase, aliyepanda bodaboda ya mlevi. Laurenti hakuhitaji mlinzi wa nyimbo alizoiba. Walijilinda wenyewe, bila mshahara.

"Kwa hiyo hakuna kitu? Neno lile ni upepo?"

Mwinyijuma akakaa kando yake. "Sikwambii hivyo. Mwaka wa kwanza nililala na viatu. Mpaka leo, kila Jumamosi nikigusa funguo nasema, leo. Miaka tisa nasema leo. Mungu anajua alichokisikia mkekani. Mie najua tu kwamba nina njaa na nina nyimbo."

Wakasameheana pale pale, mkono kwa mkono, wageni wakiwapiga picha.

Woga haukuondoka. Lakini Idarusi aligundua kitu kilichomtia aibu kuliko woga. Laana, kama ipo, ilimhusu Shemsa, naye alikuwa amemwamulia bila kumuuliza, kama Laurenti alivyowaamulia wao. Akatoa simu.

"Unataka nini?" Sauti ya Shemsa ilikuwa na kutu ya kulia.

"Hakuna mwanamke wa kivuli. Kivuli ni changu. Nisikilize mpaka mwisho, kisha unitukane."

Akamweleza yote, kuanzia kufuli mpaka mkeka, mpaka *yeye na ampendaye*.

"Shemsa?"

"Naogopa," akasema. Hakutania. "Mikono imekuwa baridi, wallahi. Albadiri si mchezo, babu yangu aliisoma mara moja tu, akajuta."

"Basi nitabandua mabango nikirudi."

"Nani kasema ubandue?" Sauti ilipanda. "Ulinifanya mtoto mdogo! Woga wangu nitauchagua mwenyewe. Nimeshazika mume, hakuimba hata wimbo mmoja. Wewe unaogopa nife kwa kukupenda, na hizi siku tatu ulizoniua bila wimbo hukuziona?"

"Laazizi..."

"Usinilaazizi. Kesho saa kumi. Na huyo mnene wa kinanda uje naye, ili neno 'peke yake' nilifute kwa rangi."

* * *

Bustani ilijaa. Akina mama waliokuwa vichuna wa Usagara walikuja na vitambi na wajukuu. Viti vyeupe vya Shemsa vilikwisha, watu wakakaa ukutani. Na safu ya mbele, suti ya kijivu, pete tatu, alikaa Laurenti, simu mkononi, anarekodi.

Idarusi alivaa kanzu ya rangi ya maziwa na kofia ya viua. Shemsa alisimama kando ya spika ile iliyougua, kitenge cha dhahabu begani, midomo ikinong'ona dua.

"Wimbo huu," Idarusi alisema kwenye kipaza sauti, akimtazama mwenye pete, "niliutunga mimi, barabara ya tisa, chumbani kwa mama yangu, mvua inavuja. Anayerekodi arekodi na hilo."

Bustani ikapiga kelele. Simu ya Laurenti ikashuka. Mwinyijuma akagusa funguo. Idarusi akafungua kinywa:

"*Nirudishie kivuli ch—*"

Paa! Spika zikakata. Feni za barazani zikasimama. Kinanda kikafa.

Ukimya ulioanguka ulimjaza baridi mpaka kwenye kucha. Ndiyo hii, akawaza. Leo. Akageuka kumtafuta Shemsa na hakumwona. Mahali pake kando ya spika palikuwa patupu. "Shemsa!" akaita, mtu mzima mbele ya umati, sauti imepasuka. "Shemsa!"

"Nini?" Kichwa chenye mtandio kikachomoza nyuma ya turubai. "Umeme umekatika, habibi, si kiama! Niko huku navuta kamba ya jenereta. Imba wewe!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Idarusi hakucheka, machozi yalikuwa yanamshuka. Akaimba bila umeme, gitaa likisikika kama mdudu ndani ya kiberiti, na akina mama wa Usagara wakampokea, mstari kwa mstari, hawajasahau hata neno. Jenereta lilipounguruma na spika kufunguka, Laurenti alikuwa ameshaondoka. Kiti chake kilikuwa kimekaliwa na bibi mwenye mjukuu.

Shemsa akaja jukwaani akijifuta mafuta ya mashine. Idarusi akamshika kiganja, akakigeuza, akakigusa kama daktari.

"Kina joto," akasema.

"Kesho alasiri Hisham yupo nyumbani. Njoo na wazee wako wawili, mje na maneno ya adabu."

"Nitamleta Mwinyijuma."

"Yule mwizi? Mlete. Lakini asile sana."

Walioana kabla ya Ramadhani. Kila alfajiri, kabla hata ya kutia udhu, Idarusi humsogelea mkewe gizani asikilize pumzi.

"Umeamkaje?" huuliza, na bado sauti yake hutetemeka.

"Mzima," hujibu Shemsa, macho yamefumba. "Na wewe, mlaaniwa wangu?"

"Naogopa."

"Vizuri. Ukirudi msikitini uimbe."