Ufunguo Juu ya Jiko

Kila akitoka shule, Corrine Hadley alipitia kwa bibi yake kuosha vyombo. Juu ya jiko, kwenye msumari, ulining'inia ufunguo mrefu wa chuma, na siku hizi hakuweza kuutazama.

Darasa lao lilikuwa likiandaa mchezo wa kuigiza juu ya Ezra Goss, kijana mweusi ambaye wazungu wa mji wao mdogo wa Georgia walimtoa jela miaka hamsini nyuma, wakamnyonga kwa kosa asilolitenda. Hakuna aliyeshtakiwa. Askari jela alimwambia hakimu kwamba watu walivunja mlango, wala hakumtambua hata mmoja. Wavulana waliikimbia sehemu ya askari huyo, ikamwangukia Corrine. Naye askari alikuwa baba yake Bibi.

Mlango haukuvunjwa. Bibi alishamwambia hivyo, akamwonya kwamba mambo ya nyumbani yaishie nyumbani.

Thad, mjukuu wa dada yake Ezra, ndiye aliyeigiza Ezra. Siku moja mazoezini alimtania Corrine, "Mbona hayo maneno unayasema kama umekwamwa na mwiba wa samaki?" Corrine alicheka na wenzake, kisha akaenda chooni kulia kwa aibu.

Jumapili ya maonyesho, baada ya ibada, ukumbi wa kanisa ulifurika. Mbele kabisa aliketi Mama Odessa, dada yake Ezra, mkoba mapajani. Bibi alikaa nyuma yake. Ilipofika zamu ya Corrine, hakimu wa mchezo akamwuliza kama mlango ulivunjwa.

Corrine akatoa mfukoni ule ufunguo wa juu ya jiko. "Haukuvunjwa. Niliufungua mimi. Na niliwatambua wote, tulikuwa tukisali pamoja."

Baadhi ya watu walinyanyuka wakatoka. Corrine alitamani ardhi immeze. Bibi akasimama, uso umemwiva, akaenda mbele kwa Mama Odessa.

"Ni kweli, Odessa. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimwona baba akiuchukua ufunguo huo kwenda kuwafungulia."

"Mama yangu alikufa akiuliza habari za mlango huo," Mama Odessa akajibu. Akamgeukia Corrine aliyekuwa akilia. "Mwanangu, aibu hiyo ilikuwa ya mwingine. Ungenyamaza leo, ndiyo ingekuwa yako."

Corrine akampa ufunguo. Mama Odessa akautia mkobani, akaufunga.

Kesho yake, akiosha vyombo, Corrine aliuliza kama aung'oe ule msumari.

"Uache," Bibi akasema. "Nione haya kila nikipika."