Mtoto Aliyetulia Kwenye Foleni

Kikombe kiligonga ndoo gizani. Kikagonga tena. Mama, fundi cherehani, akajua bintiye anatafuta maji. Mtoto alikuwa ameharisha usiku kucha.

"Kasuku, mwanangu, umeamka?"

Majirani walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Leo hakujibu.

Kulipokucha, mama akambeba mgongoni hadi hospitali. Foleni ilijaza mabenchi, ikatoka mlangoni, ikajikunja hadi kwenye bomba la nje. Watoto walilia kila upande. Kasuku alikuwa kimya.

"Wako mpole, shoga," akasema mwanamke aliyefika nyuma yao. "Wangu huyu king'ora."

"Basi tangulia. Wangu kalala, tutasubiri."

Akampisha. Akampisha na mwingine. Aliona haya kusukumana na watu.

Muuguzi akapita ubavuubavu katikati ya umati. Akasimama.

"Mama, huyu kalala au kalegea?"

"Kalala tu, dada. Anaharisha, lakini hasumbui."

Muuguzi akamfinya ngozi ya tumbo, akaiachia. Ngozi ikabaki imekunjamana. Macho yalikuwa yameingia ndani. Akamtia maji mdomoni, yakamwagika.

"Anayelia bado ana nguvu," akasema. "Mtoto akiharisha, kisha akalegea au akashindwa kunywa, usikae foleni. Njoo pale dirishani kwa wauguzi useme: mtoto wangu amezidiwa."

"Niwapite wote hawa? Watanionaje?"

"Wakuone watakavyo. Wauguzi tuko wawili, hatuwezi kumwona kila mtu. Tusaidieni kuona."

Mama akamkumbatia Kasuku, akaanza kujipenyeza kuelekea dirishani. Yule mwenye mtoto king'ora akageuka. "Jamani, pisheni." Watu wakapisha.

Kitanda kitupu hakikuwepo. Kasuku akalazwa mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, na mvulana mwenye ugonjwa huohuo; dripu ikaning'inizwa kwenye msumari wa dirisha. Alipoanza kumeza, mama akafundishwa kumpa maji yenye chumvichumvi ya ORS, kijiko kwa kijiko, na kunawa kwa sabuni kila amsafishapo.

Alasiri, akienda kunawa, akamwona baba mmoja mwisho kabisa wa foleni. Mtoto wake alilala begani kama kanga iliyoloa.

"Kaka, wako anakunywa?"

"Hata tone hataki. Lakini ametulia."

"Twende dirishani. Usione haya, tutasema wote."

Aliporudi wodini, alimkuta Kasuku amejiinua kwa kiwiko, amekunja uso.

"Mama, huyu ananiwekea miguu usoni."