Amplifaya ya Shigeo

Tokuji alikuwa mtu wa masikio. Wenzake walistaafu wakapanda maua, yeye alistaafu akajifungia katika chumba chake cha muziki, mtaani kwao Suginami, na aliamini kwamba siku masikio yakimfia naye amekwisha, hata kama bado anakula wali. Mkewe Sumie alikwishamzoea. Mume asiyelewa wala kuzurura, utamshitaki kwa nani?

Kwa miaka mingi alibishana na rafiki yake Shigeo. Shigeo alishikilia amplifaya ya taa, dude zito la kukuza sauti lenye vioo vinavyowaka kama makaa, linalotaka lipate moto kwanza ndipo liimbe. Tokuji alikuwa na ya kidijitali, nyembamba, baridi, isiyo na mvumo hata chembe.

"Hiyo yako inasoma muziki kama karani," Shigeo alikuwa akimcheka.

"Na yako inachemsha maji. Tia majani basi tunywe chai."

Ubishi haukuisha. Shigeo akatangulia.

Kwao vitu vya marehemu havigawiwi mpaka siku arobaini na tisa zipite, kwa kuwa kabla ya hapo mwenyewe hajaondoka. Lakini mjane wake, Fusae, alikuwa anahamia kwa bintiye, na Tokuji alikuwa na uchu wa ile amplifaya usiojua haya. Chungu chenye mifupa ya marehemu iliyobaki baada ya kuchomwa kilikuwa bado sebuleni, ubani unafuka, naye Tokuji anafungua nyaya.

"Shemeji, si ungengoja?" Fusae alinong'ona.

"Naitunza tu," akasema Tokuji. Uongo mtupu.

Alasiri ile ile akaziweka amplifaya zote mbili mbele ya kiti chake. Watu wa mambo haya hawaamini macho. Msikilizaji hujifunika uso, mwingine akahamisha nyaya kimyakimya, ndipo ukweli ujulikane. Zamani mhamishaji alikuwa Shigeo. Safari hii alimfundisha Sumie, akaweka santuri mwenyewe, akaketi na taulo usoni.

Sauti ya mwanamke ikatoka, safi, kavu. Ya kidijitali, alijua papo hapo. Kisha kimya. Akasikia nyaya zikichomolewa. Vidole viwili vikamgonga begani: tayari.

Wimbo ukarudi, na Tokuji akasisimka mwili mzima. Mwimbaji alikuwa mle mle chumbani. Alimsikia akimeza mate, akivuta pumzi kabla ya neno. Machozi yakamtoka chini ya taulo. Kumbe Shigeo hakuwa mjinga.

"Hii ni ya taa," akanong'ona. "Rudia, mama."

Vidole vikamgonga tena. Vilikuwa vya moto. Pumzi ikasikika, karibu zaidi, ila wimbo haukuanza.

Ilikuwa pumzi ya mwanamume.

Mlango wa nje ukafunguliwa.

"Nimerudi," ilisema sauti ya Sumie kutoka barazani. "Tofu ya chakula cha jioni nimepata kipande cha mwisho."

Tokuji hakujitikisa. Hakuweza.

"Sumie. Umetoka lini?"

"Si nilikwambia uningoje nikimbie dukani? Ukaitikia."

Akavua taulo. Hapakuwa na mtu. Vioo vilikuwa vinawaka. Waya wa umeme wa amplifaya ile ulilala sakafuni, haukuchomekwa popote.

Sumie akaingia, akauona ule waya. Alileta shuka, wakalifunga lile dude likiwa bado moto, wakalirudisha kwa Fusae kabla jua halijazama. Tokuji akapiga magoti mbele ya picha ya rafiki yake, akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Akarudi nyumbani akidhani yamekwisha.

Kesho yake sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Daktari alilichungulia, akalipima, akasema ni zima kabisa. Lakini halikusikia santuri, wala mvua, wala mkewe akimwita.

"Lina mvumo," Tokuji alimwambia Sumie. "Kama vioo vinavyopata moto. Na ndani yake kuna mtu."

Sumie alidhani ni uzee na majuto. Ili amtulize, akaegemeza sikio lake kwenye lile sikio bovu. Kisha akajiondoa taratibu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Baba," akanong'ona, "anauliza ipi bora."