Mashtaka Yasiyo na Jina

Ebla huuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Hufukiza madumu yake kwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike upesi. Mumewe, Salat, hayupo nyumbani. Yuko Elwak na biashara yake ya mbuzi, na hurudi baada ya miezi. Mambo yote ya nyumba yako mikononi mwa Ebla, hasa mambo ya Ilhan.

Ilhan ni binti yao wa pekee. Yuko kidato cha tatu. Anataka kuwa wakili, na kwa jinsi anavyopenda kubishana, sioni cha kumzuia.

Jumatano moja Ebla alirudi nyumbani mapema. Maziwa yalikuwa yameisha. Alivua viatu mlangoni. Kabla hajaingia, alisikia sauti ya Ilhan chumbani. Ilhan alikuwa akisema Kiswahili, kwa sauti ya juu.

"Mimi ni Mkristo."

Ebla alisimama palepale.

"Nakujibu mara ya pili. Mimi ni Mkristo."

Ebla alishika ukuta.

"Nakujibu mara ya tatu. Mimi ni Mkristo. Hata ukiniua, sitageuka."

Ebla alichungulia kupitia pazia. Ilhan alikuwa peke yake, daftari la historia mkononi. Kwenye ukurasa ulio wazi palikuwa na mchoro wa msalaba. Juu yake yaliandikwa maneno: *Ukristo ulivyoenea katika dola ya Roma*. Ebla alikuwa amejifunza kusoma ukubwani. Alisoma neno moja tu, la kwanza, na hilo lilimtosha.

Hapa ndipo alipokosea. Angeingia akauliza, hadithi hii ingeishia hapo. Hakuingia. Alikwenda jikoni na kuchukua simu. Alifungua kundi la akina mama wa shule. Alibonyeza kitufe cha sauti, akasema kwa Kisomali:

"Akina mama, tumelala! Mwalimu wa historia anawageuza watoto wetu dini. Nimesikia kwa masikio yangu. Angalieni watoto wenu!"

Hakutaja jina lake. Alituma. Kisha alitandika mkeka, akaswali alasiri.

Alipomaliza, simu ilikuwa na jumbe sitini na tatu.

Maneno yake yalikuwa yameshatoka katika kundi la akina mama, bila namba ya aliyeyatuma. Yalikuwa yamefika makundi ya vijana, na ya watu wa Garissa walioko Nairobi. Tena yalikuwa yamenenepa njiani. Mmoja aliandika kwamba mwalimu huwapa watoto zawadi ili wabadili dini. Mwingine aliandika kwamba watoto kumi wameshabatizwa mtoni. Wa tatu aliweka picha ya mwalimu na kueleza anapoishi: nyuma ya tangi kubwa la maji. Wa nne aliandika maneno machache tu: "Ijumaa isimkute hapa."

Ebla aliyasoma yote. Alitaka mtoto wake aokolewe. Hakutaka mtu apigwe.

Haikupita saa moja, simu iliita. Alikuwa Mahat, mdogo wake Salat.

"Shemeji, umeona habari ya yule mwalimu wa historia, Komora?"

"Habari gani?"

"Nimeletewa maandishi. Mama mmoja amefichua mambo yake. Vijana wamekasirika sana. Mwalimu mkuu amemwambia afunge mizigo, apande basi kesho asubuhi."

"Mama gani huyo?"

"Hajulikani. Hajataja jina."

Ebla alikata simu. Nyuma yake, Ilhan alikuwa amesimama mlangoni, uso umemshuka. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Hoyo, mama, washa ile sauti ya kwanza ya kundi lenu," Ilhan alisema.

Ebla hakuwasha. Ilhan aliichukua simu mwenyewe, akasikiliza. Mtoto gani asiyeijua sauti ya mama yake?

"Hoyo! Ni wewe!"

"Ni mimi. Na wewe, ulikuwa unasema nini chumbani?"

"Ni igizo! La siku ya wazazi! Mimi ni fundi viatu wa Roma. Nimeshtakiwa, na liwali ananiuliza dini yangu mara tatu. Mwalimu Komora alisema tuigize kwa Kiswahili badala ya Kiingereza, ili ninyi wazazi muelewe." Machozi yalimtoka. "Akienda, nani atatufundisha? Hoyo, umesahau mwaka ule walimu wa bara walipokimbia mashambulizi? Tulikaa mwaka mzima bila mwalimu wa hesabu!"

Ebla alikumbuka. Lakini hofu haiondoki haraka hivyo. Alimshika Ilhan mkono, wakaenda kwa jirani yao, Mwalimu Lul.

Lul hufundisha dini ya Kiislamu katika shule ya msingi. Chuoni alisoma dini pamoja na historia. Ni mwanamke mwema, ila hana subira na upuuzi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Ebla, ulimuuliza Ilhan?"

"Sikumuuliza."

"Ulimuuliza mwalimu?"

"Sikumuuliza."

"Wakuu wa shule je?"

"Abayo, dada yangu, usinitese. Sikuuliza mtu."

"Na Qurani inatuambia nini kuhusu habari tunazoletewa?"

"Tuzihakikishe kwanza," Ebla alijibu kwa sauti ndogo. "Lakini kwa nini mtoto wa Kiislamu afundishwe mambo ya Wakristo?"

"Kwa sababu yalitokea. Kusoma jambo si kuliamini. Mimi nimesoma habari za Firauni. Je, nimekuwa Firauni? Leta daftari, Ilhan."

Lul alifungua daftari. Alieleza polepole, na simu ya Ebla ililia bila kupumzika.

"Roma ilikuwa dola kubwa, kutoka Uingereza mpaka Misri. Watu wake waliabudu miungu mingi. Kaisari mwenyewe alifukiziwa ubani mbele ya sanamu yake. Hiyo ilikuwa alama ya utii. Wafuasi wa Nabii Isa walikuwa wachache. Walikuwa watumwa, wafanyabiashara, mafundi na wanawake wengi. Walikutana majumbani. Dini yao ilisafiri na watu katika barabara za Roma na katika miji ya biashara. Magonjwa yalipoingia mijini, wengi wao walibaki kuuguza wagonjwa. Watu waliliona hilo."

"Kwa nini basi walishtakiwa?" Ebla aliuliza.

"Kwa sababu walikataa kufukizia sanamu. Na kwa sababu ya uvumi. Ilisemwa kwamba wanakula nyama ya watu. Ilisemwa kwamba wanachukia binadamu wote. Mji wa Roma ulipoungua, Kaisari Nero aliwabebesha lawama, na wakauawa kwa ukatili. Hakuna aliyeuliza."

Ebla alitazama chini.

"Baadaye Kaisari Dekio aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu," Lul aliendelea. "Ukitoa, unapewa cheti. Bila cheti, una kesi."

"Cheti? Kama sisi na vitambulisho?" Ebla aliuliza. Yeye mwenyewe alizungushwa miaka miwili kabla ya kupata kitambulisho.

"Ndiyo, na adhabu yake ilikuwa nzito zaidi. Haya, kila Ijumaa unasoma sura gani?"

"Al-Kahf."

"Wale vijana wa pangoni walimkimbia nani?"

"Mfalme aliyewalazimisha kuabudu masanamu. Sheikh wetu humwita Daqyanus."

"Wengi husema ndiye huyo Dekio. Unaona sasa? Wewe mwenyewe kila Ijumaa husoma habari za watu wa zama hizo, waliokataa masanamu yale yale."

Ebla alilivuta daftari karibu. Kisha aliuliza, "Mwisho wao ulikuwaje?"

"Mwaka 313 Kaisari Konstantino na mwenzake waliwaruhusu kuabudu kwa uhuru. Kabla karne hiyo haijaisha, dini yao ilikuwa dini ya dola. Na walipopata nguvu, baadhi yao nao waliwabana wengine. Hilo nalo limo katika daftari la Ilhan. Komora hakulificha, na yeye ni Mkristo."

Lul alifunua ukurasa mwingine.

"Sasa hiki ndicho kisa cha igizo. Liwali mmoja wa Roma aliletewa karatasi yenye majina ya Wakristo wengi. Aliyeiandika hakujulikana. Liwali alimwandikia Kaisari Trayano kuomba ushauri. Ilhan, kaisari alijibu nini?"

Ilhan alifuta machozi. "Alisema mashtaka yasiyo na jina yasipokelewe katika kesi yoyote."

"Trayano hakuwa malaika," Lul alisema. "Aliyeshtakiwa kwa kufuata sheria zao, akikataa kugeuka, aliuawa. Lakini hata yeye, mwabudu masanamu, alikataa karatasi isiyo na mwenyewe. Na sisi hapa Garissa tunataka kumfukuza mtu kwa karatasi ya namna hiyo."

Ebla aliona aibu. Iliupanda uso wake mpaka masikio. Pia aliogopa, kwa sababu alijua la kufanya. Wangemcheka sokoni. Wangemwita mzushi. Salat angesikia huko Elwak.

"Nikifuta ile sauti je?" aliuliza.

"Imeshafika Nairobi. Utaifuta kwenye simu za watu wote?"

Ebla alishika simu. Alibonyeza kitufe cha sauti. Safari hii alimeza mate kwanza.

"Mimi ni Ebla, mke wa Salat, muuza maziwa. Ile sauti kuhusu mwalimu wa historia ni yangu. Nilisikia mtoto wangu akifanya mazoezi ya igizo. Sikuuliza. Hakuna mtoto aliyegeuzwa dini. Hakuna aliyebatizwa. Nimemdhulumu mtu. Kila aliyepeleka maneno yale mbele, na apeleke na haya."

Alituma. Kisha alimpigia Mahat na kumweleza yote. Mahat aliguna, akasema, "Shemeji, umeniweka pabaya. Mimi pia nilipeleka mbele. Nakwenda kuzungumza na vijana sasa hivi."

Kabla jua halijazama, Ebla, Lul na Ilhan walifika nyuma ya tangi la maji. Mwalimu Komora alichelewa kufungua mlango. Aliuliza mara mbili ni nani. Ndani, begi lilikuwa limejaa, na vitabu vimefungwa kwa kamba.

Ebla alizungumza Kiswahili chake cha sokoni. "Mwalimu, maneno ile ni ya mimi. Nilikosa. Nimekuja kuomba samahani. Usiende, tafadhali."

Komora alikuwa kijana wa Ngao, huko chini kwenye Mto Tana. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nimekusamehe, mama," alisema. "Lakini mama yangu ameona picha yangu kwenye simu ya jirani. Hataki nilale hapa. Zungumza naye."

Alipiga, akampa Ebla simu.

"Mama, mimi naitwa Ebla. Ni mimi nilituma ile maneno."

Sauti ya mwanamke mzee ilisema, "Mwanangu alikukosea nini?"

"Hakuna. Niliogopa juu ya mtoto yangu."

"Na mimi je? Niogope juu ya nani?"

Ebla alilia waziwazi, mbele ya binti yake na mbele ya mwalimu. Mama yule alimsubiri.

"Mama," Ebla alisema mwishowe, "shemeji yangu ako na wale fijana sasa. Mimi nitakuja hapa kila siku, niangalie yeye. Nitakwambia ukweli. Kama mambo ni mbaya, nitasema mbaya."

"Unaapa?"

"Wallahi."

Mwalimu mkuu alipousikia ukweli, alikubali Komora abaki. Wiki ya kwanza haikuwa rahisi. Mahat na vijana wawili walimsindikiza shuleni na kumrudisha. Wapo waliomcheka Ebla sokoni, na wapo waliosikiliza. Siku ya wazazi igizo lilichezwa uwanjani, na mwalimu mkuu aliwaeleza wazazi mapema ni somo gani hilo. Katika kundi la akina mama, sasa anayeleta habari huulizwa kwanza: umeisikia wapi, na unaileta kwa jina la nani?

Mpaka leo, kila jioni, simu ya Ebla huita kutoka Ngao. Mama Komora hampigii mwanawe, maana mwanawe humwambia kila siku kwamba mambo ni mazuri. Humpigia Ebla.

"Yuko?"

"Ako, mama. Amekula. Anasahihisha fitabu ya watoto. Lala."